Mama Nyamaza wa Kona ya Tisa

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, Mkuu wa Kitengo cha Tahadhari atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia bwawa letu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Siku hiyo anatimiza miaka sitini. Katika muda wote huo ameugua mara mbili, amechelewa kazini mara moja, na ameogopa kila siku.

Asiyemfahamu atadhani neno hilo la mwisho ni la dharau. Wastaafu wengine husifiwa kwa ujasiri. Sisi tulipoombwa kuandika wasifu wa huyu wetu tulitazamana, tukakubaliana kwamba sifa yake ya kwanza ni uoga. Hajawahi kukaa akiyapa malango ya bwawa kisogo. Hajawahi kulegeza kamba za viatu akiwa zamu, hata miguu ilipomvimba. Funguo za kila chumba anazo mbilimbili, moja mkobani na nyingine imefundikwa kwenye ncha ya mtandio. Mpishi wa kantini, rafiki yake wa chanda na pete, anasema hata chai iliyokwisha kupoa Mama huipuliza kwanza, maana huwezi kujua.

Jina lake hapa kazini ni Mama Nyamaza, na sababu yake itaonekana mbele. Kwa kuwa sote tunamwita Mama, mdogo wake wa kiume, ambaye wengi mmemwona akija ofisini na fimbo yake, amekuwa Mjomba wetu bila kuulizwa. Mwandishi wa mistari hii ni fundi aliyekaa meza ya pili, mkono wa kulia wa Mama, kwa miaka kumi na sita, na ndiye anayetakiwa kukikalia kiti chake Jumatatu. Mhariri akiona herufi zimefutwafutwa asitafute miwani. Ni uoga wa mwandishi.

Alianza kazi kwenye stoo ya betri, akipangusa vumbi na kuongeza maji. Miaka hiyo, kabla ya malango kufunguliwa, tahadhari ilitolewa kwa king'ora kilichofungwa juu ya ukuta, pamoja na wazee wawili wa baiskeli waliokimbia njia ya juu wakipeperusha vitambaa vyekundu. Chini ya bwawa mto unapita ndani ya korongo lenye urefu wa kilomita kumi na nne na kona tisa, na mchana kutwa humo ndani wamo watu: wachimba mchanga, waponda kokoto, wafua mazulia. Mpaka kona ya tatu king'ora kinasikika. Kuanzia hapo mawe yanaimeza sauti. Wiki yake ya kwanza Mama aliuliza watu wa kona ya tisa huambiwa na nani. Akajibiwa kwamba huambiwa na wazee wa baiskeli. Akauliza, na wakipata pancha je? Inasemekana wakubwa walicheka sana, kisha wakaacha kucheka, na mwaka uliofuata alihamishiwa Kitengo cha Tahadhari.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mdogo wake huyo alimlea mwenyewe tangu akiwa na miaka sita, wazazi wao walipofariki mwaka mmoja. Alimsomesha, akamtafutia kazi tatu za kukaa kivulini, zote akazikataa. Akachukua kibali cha kuchimba mchanga, tena mahali pale pale pa mwisho, kona ya tisa, eti mchanga wa huko ni safi. Kwa hiyo kila mara malango yalipofunguliwa, Mama alikuwa anamfungulia maji mtoto aliyemfunga vifungo vya shati la shule.

Miaka kumi na minane iliyopita ndipo vilipoletwa visanduku vya redio. Simu za mkononi hazishiki ndani ya korongo, na hakuna kampuni iliyokubali kusimamisha mnara kwa ajili ya watu wa mchanga. Visanduku vingine vilifungwa juu ya nguzo arobaini na sita, na vingine, vidogo kama kipande cha sabuni, vilivaliwa kiunoni na watu wenyewe. Hakuna kisanduku kilicho bosi wa vingine. Kinachosikia ujumbe kinaurudia, ili kilicho mbele nacho kisikie na kurudia, mpaka mwisho wa korongo. Watu huhama kufuata mchanga, aliyekuwa jirani yako jana leo yuko kona nyingine, hivyo haikuwezekana kupanga nani amwambie nani. Kila kimoja kiliambia chochote kilichokuwa karibu.

Visanduku vilipokuwa vichache mambo yalikwenda barabara. Mama alipewa cheti, akapigwa picha na mkurugenzi, na kwenye picha hiyo, iliyoko ukutani hadi leo, mkurugenzi anatazama kamera na Mama anatazama malango.

Miaka kumi na mitatu iliyopita alikwenda likizo ya wiki tatu kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mwandishi wa mistari hii aliachiwa kitengo. Siku ya nne likaja lalamiko kwamba wafua mazulia wawili wa kona ya pili hawakusikia ujumbe wa majaribio. Mwandishi, kijana mwenye bidii na suruali iliyopigwa pasi, alitafakari dakika tano nzima. Akaona dawa ni rahisi: aliyekuwa anarudia mara moja arudie mara tatu. Akavirekebisha visanduku vyote, kisha akagawa vingine sitini ambavyo Mama alikuwa amevifungia stoo bila kueleza kwa nini. Baada ya hapo alisimama juu ya ukuta, akavaa hedifoni, akatuma ujumbe wa majaribio, na masikio yakajaa sauti tele. Alifurahi sana. Hakuteremka kona ya tisa kusikiliza kule, kwa sababu jua lilikuwa kali.

Hapa mwandishi wa mistari hii anaomba ruhusa ya kuacha kujiita mwandishi wa mistari hii. Ni mimi.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha juu huko milimani siku mbili mfululizo, na asubuhi ya Jumatano maji yakafika alama nyekundu. Saa tatu na dakika arobaini nilituma ujumbe: malango yanafunguliwa, tokeni mtoni. Mbele yangu kulikuwa na ubao wa taa tisa, taa moja kwa kila kona, iwakayo nguzo ya mwisho ya kona hiyo ikijibu kwamba imesikia. Taa ya kwanza ikawaka, ya pili, ya tatu. Nikangoja ya nne. Haikuwaka. Nikabonyeza tena. Haikuwaka. Nikabonyeza tena na tena, na masikioni mwangu kelele zikazidi, nami nikajiambia kelele hizo ni watu wanaambiana.

Mhandisi wa zamu akapiga simu ya ndani kutoka chumba cha malango. Aliniuliza neno moja, kama ulivyo utaratibu.

"Wamesikia?"

Nilitazama taa tatu zilizowaka na sita zilizozimika. Nilizisikiliza zile kelele.

"Wamesikia."

Nikasikia malango yakiguna. Yakishaanza kufunguka hayafungiki mpaka robo saa ipite, na maji hufika kona ya tisa kwa dakika ishirini na mbili. Niliyajua yote hayo kwa moyo, nilikuwa nimeyafanyia mtihani.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Visanduku mia mbili vikisema ujumbe mmoja kwa wakati mmoja, hakuna kinachosikia ujumbe. Kila kimoja kinamfunika mwenzake, na kinachobaki hewani ni mchakacho tu, kama mchele unaochambuliwa kwenye sinia la bati. Niliviambia virudie mara tatu, kwa hiyo vilifunikana mara tatu. Kila nilipobonyeza upya niliwasha vurugu nyingine juu ya ile ya kwanza. Ujumbe ulikuwa umekwama kona ya tatu, na mimi ndiye niliyeukwamisha kwa bidii yangu.

Mama aliingia dakika ya kumi tangu malango yaanze kufunguka. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi, jicho la kushoto limefungwa pamba na plasta. Hakunisalimu. Alitazama ubao kwa jicho moja, akanivua hedifoni, akasikiliza. Nilimwona rangi ikimtoka usoni mpaka midomo. Nimeogopa mambo mengi maishani, ila sijaona uso ulioogopa kama ule, na ninauona mpaka leo nikifumba macho.

Akauondoa mkono wangu kwenye kitufe, akatoka nje, mimi nyuma yake.

Nje ya chumba cha uendeshaji kuna uwanja wa kukusanyikia. Watu wa kona tatu za mwanzo walikuwa wamekwisha kupanda, themanini na zaidi, wamelowa magotini, wamebeba makoleo na mazulia. Wote walikuwa wameinua visanduku vyao juu kadiri mikono ilivyofika, wakiamini hivyo watawasaidia wenzao walio chini. Themanini hivyo vilikuwa vinabwata kwa pamoja. Mama alisimama katikati yao akawaambia wavizime.

Hakuzima mtu. Na mimi nisingezima. Maji yanakwenda kumkuta ndugu yako, halafu mwanamke mwenye plasta jichoni anakuambia unyamaze. Mfua mazulia mmoja alikikumbatia kisanduku chake kifuani, akasema mumewe yuko kona ya nane, akizima atamwambia nini Mungu. Mama alimshika mabega.

"Na mimi nina mdogo wangu kona ya tisa. Zima, mama, wapate kutusikia."

Yule mama akazima. Aliyefuata akazima, na wa tatu, mpaka uwanja ukawa kimya, ukasikika mto peke yake. Sitausahau mngurumo ule, kwa sababu tulikuwa tumejikusanya pale themanini tukiusikiliza ukienda kwa watu wetu.

Tulirudi ndani mbio. Nguzo kumi za mwanzo zinapata umeme kutoka ofisini, Mama akazizima tisa, akaacha ile ya kumi iliyo begani mwa kilima, ambako sauti inaruka kona mbili. Alisubiri visanduku vya chini vimalize kupayuka. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea. Ndipo akabonyeza, mara moja.

Hakuna kilichotokea. Nikahesabu tano, nikahesabu kumi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe. Sikuuamuru, ulikwenda kama mkono unavyokwenda kumdaka mtoto anayeanguka. Akaukamata kifundoni, kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Usirudie."

Tukakaa hivyo, ameshika mkono wangu, tunatazama taa. Ya nne ikawaka. Ya tano na ya sita zikafuatana. Ya saba ikakawia. Ya nane. Kisha zikasimama, na mimi nikaanza kulia bila sauti. Mama hakulia, alikuwa anaisonga ncha ya mtandio yenye funguo, anaisonga tu. Taa ya tisa ilipowaka, kwa saa ya ukutani, maji yalikuwa yamebakiza dakika nne.

Dakika nne zilitosha watu kumi kupanda ukingoni. Mjomba aliwapandisha kumi, kisha akarudi kumwamsha dereva wa lori aliyelala ndani na vioo vimefungwa. Maji yaliwakuta wanashuka. Lori lilisogea, likambana Mjomba goti kwenye mwamba. Dereva ndiye aliyemchomoa. Lori lenyewe lilipatikana baada ya siku tatu, limejaa mchanga ambao hakuna aliyeupakia. Hakufa mtu. Goti la Mjomba halikupona, na fimbo mnayoiona akitembea nayo ilianza siku hiyo.

Taarifa ya ajali aliiandika Mama. Nilimwambia nitaandika mimi, akasema mkuu wa kitengo ni yeye. Pale palipotakiwa jina la aliyethibitisha kwamba watu wamesikia, aliandika: Kitengo changu. Akatia sahihi. Alipewa karipio la maandishi, na cheo alichokuwa akingojea alipewa mtu mwingine. Hakuniambia neno juu ya jambo hilo siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka wowote uliofuata.

Alichofanya ni kuchukua daftari. Kwa miezi mitano alishinda korongoni na visanduku ndani ya kapu, akinipa kimoja na kunisimamisha kwenye jua lile nililoliogopa. Kutokana na daftari hilo tulipata utaratibu tunaoutumia hadi leo, ambao mabwawa mengine yametuma watu kujifunza. Kisanduku kikipokea ujumbe kisikurupuke, kingoje kidogo, kitambo cha kupepesa jicho. Kilicho mbali na msemaji kingoje muda mfupi zaidi, kwa sababu sauti yake ndiyo itakayofika mbele zaidi. Kilicho karibu kivute subira. Na wakati kinangoja, kikisikia vingine viwili vimeshausema ujumbe uleule, kinyamaze, kazi imeshafanyika.

Wakubwa hawakuelewa, ndipo likaja lile zoezi la kantini ambalo wazee wa hapa bado wanavunjika mbavu wakilisimulia. Mama aliwasimamisha wafanyakazi thelathini, wakafumba macho, kila mmoja akaambiwa neno atakalolisikia alirudie kwa sauti ya chini tu. Mara ya kwanza kila aliyesikia neno alirudia papo hapo. Ilikuwa soko la kuku. Mlinzi aliyekuwa mlangoni aliapa kwamba neno lilikuwa "boga", nalo lilikuwa "ngazi". Mara ya pili wakafuata utaratibu wa Mama, na neno likafika ukuta wa mbali kwa midomo sita. Aliyeharibu alikuwa mkurugenzi. Alishasikia mara nne lakini akazidi kurudia, kwa raha zake, kama mtu anayefundisha. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mama alifumbua macho akamwambia, mbele ya watu thelathini, "Nyamaza." Jina likampata hapo hapo.

Lakini lilibaki tatizo moja, nalo alilivumbua mpishi. Yeye alikuwa nyuma, kwenye karo la vyombo, na anayeweza kumfikishia neno ni mlinzi wa mlangoni pekee. Mlinzi alisikia neno mara mbili, akanyamaza kama alivyofundishwa, na mpishi akabaki gizani na sufuria zake. Mama alipauka tena vilevile kama siku ile. Alikwenda nyumbani bila kunywa chai. Kesho yake akaja na sehemu ya pili ya utaratibu: kila asubuhi visanduku vijuliane hali, na kinachojua kwamba kuna jirani asiyesikia kwa mwingine ila kwake, kisinyamaze, hata kama dunia nzima imeshasema.

Tangu hapo malango yamefunguliwa mara mia mbili na kumi na mbili. Katika visanduku zaidi ya mia mbili, vinavyosema ni kumi na tisa au ishirini, vingine vyote vinasikia na kukaa kimya. Ujumbe unafika kona ya tisa kwa sekunde tisa. Betri iliyokuwa inakufa kwa siku mbili inakaa wiki mbili. Na malango hayafunguki, hata mhandisi wa zamu akasirike vipi, mpaka taa ya tisa iwake.

Msidhani uoga ulimwisha. Ulizidi. Zamani tulikuwa tunaogopa kelele, akatufundisha kuogopa ukimya. Kisanduku kilichonyamaza kwa sababu wenzake wamesema, na kisanduku kilichonyamaza kwa sababu kimekufa, ukiwa juu ya ukuta vinafanana. Kwa hiyo kila mwezi aliteremka korongoni kwa miguu, kona zote tisa, akavigonga vilivyo kimya kimoja kimoja. Mwaka huu wa mwisho aliteremka akiwa na maumivu ya nyonga. Nilimsihi nimwendee, akanijibu kwamba nitakwenda sana zamu yangu ikifika.

Zamu imefika, nami niseme bila kificho kwamba naogopa. Kwa miaka kumi na mitatu tangu siku ile, nikiwa meza ya pili, kila ujumbe unapotumwa, katika zile sekunde tisa, nimemtazama yeye badala ya ubao. Akiwa anaisonga ncha ya mtandio najua bado. Akiiachia najua taa imewaka. Sijui nitatazama nini Jumatatu.

Kuhusu zawadi, kamati ilimpendekezea saa ya ukutani. Alikataa kwa upole, akasema saa za ukutani ameshazitazama za kutosha. Ameomba kisanduku cha nguzo ya arobaini na sita, ambacho tulikuwa tunataka kukibadilisha kwa uzee. Anahamia nyumbani kwa Mjomba, nyumba ya matofali iliyo ukingoni juu ya kona ya tisa, na kisanduku kitakaa dirishani. Hivyo taa ya tisa, tangu Jumatatu, itakuwa inawashwa na Mama mwenyewe.

Ni desturi ya jarida letu kumpa mstaafu nakala ausome wasifu wake kabla haujachapwa, asahihishe tarehe. Nilimpelekea Jumatatu iliyopita. Alirekebisha idadi ya miezi. Pale kwenye chai aliandika kwamba mpishi anapiga chuku. Halafu kuanzia "Ni mimi" mpaka "sahihi" alipitisha mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika kwa mwandiko wake mdogo: Hii ilishasikika. Usirudie.

Nilikaa na karatasi hiyo siku mbili. Nilimuuliza mpishi kama anajua aliyesema "Wamesikia" ni nani, akanijibu anajua tangu wiki ile ile, akaendelea kukata vitunguu. Nilimuuliza mlinzi, naye anajua. Nilikuwa nimeibeba siri ambayo jengo zima lilishaisikia zaidi ya mara mbili likaamua kuninyamazia. Kwa utaratibu wa Mama, nami ningenyamaza.

Lakini utaratibu una sehemu ya pili. Nilijiuliza ni nani aliyebaki nyuma, kwenye karo la vyombo, asiyesikia kwa mwingine ila kwangu. Jibu nilikuwa nalo, maana huja ofisini kila mwisho wa mwezi kuchukua betri. Hupanda ngazi kumi na nne akipumzika kila baada ya tatu. Hunishika mkono kwa mikono yake miwili, huniita mwanangu, na hunishukuru. Mtu fulani alimwambia kwamba siku ile nilikuwa chumbani na dada yake, naye ameamini miaka yote hii kwamba tulimwokoa wawili.

Mjomba, aliyesema "Wamesikia" ni mimi. Goti lako ni mimi. Dada yako alinifunika, na kwa mara ya kwanza katika kazi nimekaidi kalamu yake.

Jarida linatoka Alhamisi. Nakala ya kwanza nitakuletea mwenyewe kwa miguu, kona zote tisa, ili usije ukayasikia haya Ijumaa ukumbini, kwenye kiti cha mbele, kati ya watu wanaopiga makofi. Sijui utanipokeaje. Ninaogopa njia nzima kabla sijaanza kutembea.

Mama, kwa niaba ya wote wanaochimba, wanaoponda na wanaofua chini ya ukuta huu, na jioni wakarudi nyumbani bila kujua ni nani aliyeogopa kwa ajili yao, ahsante. Nenda ukapumzike, ulegeze kamba za viatu, unywe chai bila kuipuliza. Afya iwe nawe, nyonga ipone, na maisha ya huko ukingoni yawe mema kama unavyostahili.

Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa ujumbe wa majaribio, nitabonyeza mara moja, nitauondoa mkono wangu, na nitangoja. Usikawie kujibu, Mama. Nitakuwa naogopa.